Kiti Kinaposogea Mbele

Siku ya kwanza ya kugawa karata nilivaa tai ya kuazima, na mikono ilinitoka jasho mpaka karata zikanata. Ilikuwa Johannesburg, kwenye jumba la michezo ya fedha. Nilikuwa nimetoka Goma na diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, upande wa biashara. Hakuna mjomba aliyenitangulia, hakuna padri aliyeniombea nafasi. Nilianza kwa kufagia, na mwaka haukuisha kabla sijawa mgawa karata, yule anayeketi upande wa nyumba, yaani wa wenye jumba: hachezi, lakini mchezo wote unapita mikononi mwake.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mwanamke wa Bukavu, na sote tulimwita Mama Chef. Jioni hiyo ya kwanza alisimama nyuma yangu.

"Weye wa diploma, unaangalia wapi?"

"Macho ya wachezaji, Mama Chef."

"Macho inadanganya. Angalia kiti. Mwenye kushinda anaegemea. Mwenye kupoteza anavuta kiti mbele kidogo kidogo, sawa mutoto mwenye kusogelea sahani ya wenzake. Akisha kuvuta, hatainuka tena mupaka mufuko itabakia mutupu."

Vijana wanaonisoma waelewe jambo moja. Poka ya fedha taslimu si mashindano. Mashindano yana mwisho wake: mmoja anashinda, wengine wanakwenda kulala. Kwenye taslimu kila jetoni, kile kiduara cha plastiki, ni fedha yako mwenyewe, na unaweza kuinuka wakati wowote. Mlango uko wazi, na kwa sababu hiyo hakuna atakayekuinua. Utajiinua mwenyewe au utamalizika.

Sisi wa nyumba tulifundishwa kuwazuia wachezaji wasiinuke. "Mutu akitaka kwenda, hatumushike mukono," Mama Chef alikuwa akisema. "Tunamuletea chai. Tunamuita jina yake. Akipata kamuchezo kamoja ka kushinda, tunamushangilia. Atakaa."

Baadaye niliacha kugawa, nikacheza kwa fedha zangu, na hapo ndipo nilipowapita wote. Nilijua dalili. Kiti kikianza kusogea, inuka. Ukisikia mdomo wako unasema "moja tena", inuka kabla neno halijakauka. Walikuwepo wengi wenye karata nzuri kuliko zangu. Hakuna aliyekuwa na miguu kama yangu. Niliinuka mbele ya matajiri waliokuwa wakinibembeleza nibaki, nikaaga kwa adabu, nikaondoka. Nyumba yangu ya Keshero, hapa Goma, ghorofa ya mawe ya volkano yenye baraza linalotazama ziwa, imejengwa kwa kuinuka.

Niliporudi Goma nilitandika kitambaa cha kijani mezani, nikaizungushia viti sita. Kila Jumapili baada ya misa viti vilijaa. Kisha mmoja alihamia Bukavu, mwingine akafuata watoto Kampala, wawili tukawazika. Alibaki Papa Asumani, dereva mstaafu wa malori, mtu wa Maniema aliyezaliwa hapa hapa Goma. Tulichezea maharagwe ya Kalengera badala ya fedha, maana kumfilisi rafiki wa mwisho ni ujinga.

Jumapili yake ya mwisho alikuja na sanduku. Binti yake wa Kigali alikuwa amemwandalia chumba, na mkwe alikuwa akimsubiri na gari upande wa pili wa mpaka. Ilibidi avuke kabla bariyeri haijafungwa. "Michezo michache tu," alisema, akaketi.

Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Anaomba njia, na mwenye nyumba ndiye anayempa. Jua lilipoanza kushuka aliiomba.

"Nipe njia, muzee." Lakini hakuinuka. Nilitazama kiti chake: kilikuwa kimesogea. Mbele yake yalibaki maharagwe machache. "Ao tufanye moja tena. Sitaenda Kigali na haya ya kupigwa na mutu wa diploma."

"Bariyeri itafungwa, Papa Asumani."

"Inafungwaka kila siku. Gawa!"

Niligawa. Nilipata karata za kumshinda, nikazitupa zikiwa zimefunikwa. Alikusanya maharagwe huku akicheka, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa meza.

"Umeona? Bahati imerudia!"

"Hongera, Papa Asumani," nilisema kwa sauti kubwa. "Nikuletee chai?"

Nilijisikia nikisema hivyo. Kamuchezo kamoja, jina lake, chai. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye meza niliyoifanyia kazi hiyo sawasawa. Raundi mbili zaidi, na mpaka ungefungwa, angelala chumba cha wageni. Kesho mvua ingenyesha, keshokutwa angezoea. Simu yake iliita mfukoni, hakuisikia. Nilitazama chini. Magoti yangu yalikuwa yamebanwa na meza. Mimi, ambaye maisha yangu yote naegemea.

Niliweka karata chini, nikasukuma kiti nyuma, nikasimama.

"Njia ni yako, ndugu yangu."

"Eh! Rundo yote hiyo, na unakimbia? Mwizi wa Johannesburg!"

"Mimi huinuka nikiwa nashinda. Uliza mutu yeyote."

"Nitauliza nani? Si tulibakia sisi wawili."

Nilimbebea sanduku mpaka kwenye pikipiki ya kumpeleka mpakani. Usiku binti yake alinipigia kunishukuru: baba amefika, amekula, amelala.

Watu huniuliza ni lini niliinuka vizuri kuliko siku zote. Hutarajia niwatajie Johannesburg na matajiri wake. Nawatajia Jumapili hiyo, na sijawahi kuona mtu wa kazi yangu aliyefanya vizuri zaidi. Maharagwe niliyapika yote, sufuria kubwa, sahani moja. Meza huipangusa mwenyewe kila asubuhi, na viti vitano vimepangwa kwa mstari. Kile cha Papa Asumani kimebaki mbele, kimegusa meza, kama alivyokiacha. Sijakirudisha.