Faini ya Siku Aliyozimia Othmani

Othmani wa Tanga amewabeba watoto wa shule hapa mtaani Yeoville, kusini kabisa mwa Afrika, miaka kumi na saba bila faini hata moja, na hakumwacha mtu asahau hilo. Mimi jirani yake, fundi cherehani, nimelisikia mpaka nimechoka. Basi barua ilipokuja kwamba gari lake limepigwa picha likienda tisini na saba mahali pa sitini, aliingia nayo dukani kwangu.

"Bakiri, soma tarehe!"

Nikasoma, nikashtuka na mimi. Ni siku ile sukari ilipomwangusha, akapelekwa hospitali hajitambui. Zuhura mkewe alituambia kwamba Thierry wa ghorofa ya chini ndiye aliyewapeleka, kwa gari lake Thierry.

"Wezi wameiga namba za gari langu! Mtu aliyezimia anaendeshaje?"

Alikuwa na njia mbili: apinge, au akubali kosa na kwenda darasa la madereva Jumamosi mbili. Kukubali maana yake ni wazazi wa wale watoto kumwona dereva wa hatari.

"Kubali tu, Baba Luqman, yaishe," alisema Zuhura, aliyekuwa amemfuata dukani, macho chini.

"Nikubali kosa la mwizi? Thubutu!"

Akachukua cheti cha hospitali, akanichukua na mimi nikawe shahidi. Njia nzima alilalamika. Tangu atoke hospitali mkewe analala chumba cha watoto, eti mgonjwa apumzike. Mwezi wa pili huu! Nilimcheka, nikamwambia anakoroma.

Ofisini kwa trafiki, mama mmoja askari alitugeuzia kompyuta tuione picha. Gari ni lake, hata ule mkwaruzo wa mbele upo. Kwenye usukani ameketi Zuhura, mtandio umemwangukia mabegani, mdomo wazi kama anapiga kelele. Kando yake Othmani, shingo imelegea, macho meupe. Yaani alikuwa anaitazama maiti yake mwenyewe.

Nikakumbuka kiapo chake. Maana mwaka jana nilikuwepo Othmani alipogundua kwamba Denise, msusi wa Kikongo, anamfundisha Zuhura kuendesha. Alifoka mbele yangu: "Siku utakayoshika usukani wa gari langu, talaka yako moja!" Ulimi hauna mfupa.

"Eish, baba, dereva ni huyu mama," alisema askari. "Ukipinga, andika jina lake na namba ya leseni."

Zuhura hana leseni. Othmani alikuwa amekishika kile cheti cha kumwokoa. Alikikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Sipingi. Niandikie darasa."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo waitavyo hapa taa za barabarani, kijani kiliwaka mara mbili, hajavuka.

"Kumbe yuko edani," alisema. "Bakiri, mke wangu anakaa eda ndani ya nyumba yangu, na mimi namlalamikia."

Niliona haya kwa kile kicheko changu cha asubuhi.

Tulimkuta Zuhura anachagua mchele. Alitutazama nyuso, akajua.

"Thierry hakuwepo," alisema. "Nilibisha hodi mpaka mkono ukavimba. Ulikuwa unakufa, Othmani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe umeniacha, na mwili wako ndio kwanza unapona? Nilingoja ukumbuke maneno yako mwenyewe."

Othmani alikaa chini sakafuni, mtu mzima na kanzu yake. Talaka ilikuwa moja na eda haijaisha. Neno lake tu la kumrejea ndilo lililobaki.

"Bakiri, shuhudia," alisema. "Zuhura, nimekurejea."

Nikashuhudia. Nilidhani Zuhura atalia, au atacheka. Yeye aliendelea kutoa chuya.

"Na ukizimia tena?" aliuliza. "Nikuache?"

Othmani akauvua shingoni ufunguo wa gari, akauweka juu ya ungo wa mchele.