Kazi Yangu Ilikuwa Kusimama Nyuma ya Gari

Mwezi uliopita nilipita Tunduma, na taa moja ya breki ya gari langu ilikuwa haiwaki. Kijana fundi aliyenipokea alichomeka kikompyuta chake chini ya usukani, akakodolea kioo, akaniambia, "Mama, we kaa tu humo ndani. Hii inajisema yenyewe." Nami, bila hata kufikiri, nilikuwa nimeshashuka na kusimama nyuma ya gari, mikono kiunoni, nikingoja akanyage breki. Kijana akacheka. Nikacheka nami. Huko nyuma ya magari ndiko nilikokulia, rafiki yangu, na leo nina hamu ya kukusimulia.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari. Injini hakuigusa. Ukimwendea na gari linalotoa moshi alikuonyesha kwa kidevu kibanda cha mwenzake na kuendelea na shughuli zake. Zake zilikuwa taa, honi, waipa na vile vitu vyote vinavyokufa kwenye gari bila kelele. Kibanda chetu kilikuwa nguzo nne na mabati, kando kabisa ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Foleni ile haikuwa na mwisho. Madereva walipika ugali chini ya matrela yao, walifua, waliazimana chumvi na kugombana. Wale wa Zambia walipita asubuhi wakitusalimu "Mulishani!", na sisi watoto tulijibu "Bwino!" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kabla ya kuvuka, kila dereva alitaka taa zake zikaguliwe, maana trafiki wa ng'ambo walisifika kwa kutosamehe taa. Wa ng'ambo nao walisema hivyo hivyo kuhusu trafiki wa kwetu.

Sasa, taa za mbele fundi anaweza kuziona mwenyewe, zinapiga ukutani. Za nyuma ndizo zenye kazi. Aliyekaa kwenye usukani haoni, na aliyelala chini ya bodi ameshika waya haoni vilevile. Lazima awepo mtu wa kusimama nyuma na kutangaza. Mafundi wengine walimshika yeyote aliyepita njiani. Baba alinitumia mimi, tangu nikiwa na kimo cha taa zenyewe, na alinifundisha kutangaza kama wengine wanavyofundishwa kusoma. Haikutosha kusema imewaka. Imewaka kabisa au imefifia? Inapepesa polepole au inaharakisha? Ukiwasha indiketa ya kushoto, jirani yake inafanya nini? "Usiniangalie mimi," alikuwa akisema, "mimi siwaki." Malori yalinguruma, kwa hiyo nilijifunza kupaza sauti. Hadi leo mume wangu hulalamika kwamba naongea naye kana kwamba yuko chini ya trela.

Nilikuwa na kazi nyingine pia. Asubuhi nilifikia balbu kuukuu zilizojaa kwenye kopo la maziwa, nikazitikisa moja moja karibu na sikio. Iliyoungua hulia kwa ndani, kijisauti chembamba cha uzi uliokatika, na hiyo unaiweka kando. Nzima haisemi kitu. Nilikuna kutu kwa msasa, nilichochea mkaa wa kupashia chuma cha kuchomelea waya, na mama alipopita na beseni lake kuelekea sokoni alituachia vitumbua vya moto kwenye karatasi. Vidole vyetu vilikuwa na grisi, kwa hiyo kitumbua cha kwetu kilikuwa na ladha yake. Sijakipata tena popote.

Baba aliniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Na hilo jina ndilo lililoniletea mtihani.

Bibi yangu aliishi Ihanda, kwenye shamba lake la kahawa. Babu alipofariki alibaki peke yake, na kwetu mzee hakai peke yake. Mjukuu anapelekwa amsogezee maji na moto, na kama yupo mwenye jina lake, basi huyo ndiye anayekwenda, wala hakuna kikao. Baba aliahirisha. Mwaka mzima aliahirisha, mara nina kikohozi, mara mvua. Mwishowe, wakati wa kuchuma kahawa, bibi akaja mwenyewe. Alinikuta nimesimama nyuma ya lori napayuka, "Ya kulia imefifia!", huku madereva wakipita. Aliweka mzigo wake chini taratibu.

"Huyu wajina wangu," akamwambia baba, "ndiyo umemfanya mpiga mbiu wa malori?"

Jioni ile watu wazima walikubaliana. Ningehamia Ihanda na kusoma huko. Mwalimu mkuu wa kule alikuwa ameniwekea nafasi, mradi nifike Jumatatu ya kufungua shule. Nikikosa siku hiyo nafasi ingekwenda kwa mtoto mwingine, na mimi ningebaki Tunduma mpaka mwaka unaofuata. Mama alinieleza haya akinisuka nywele, na kila alipofika kwenye neno "ukikosa" mikono yake ilikuwa inasita. Nililia usiku huo mpaka nikasinzia. Sikuwa na ubaya na bibi. Nilimpenda. Ila sikujua ningekuwa nani mahali pasipo na taa za kutazama.

Tungesafiri Jumamosi na jirani yetu mwenye pikapu, mfanyabiashara aliyekuja Tunduma kutoka Tabora, ambaye alikuwa akileta chumvi kutoka Ivuna. Basi halikuwezekana, maana bibi akipanda basi hutapika tangu linapowashwa, na alikuwa amenunua mabati ya kuezekea jiko. Jumapili jirani angerudi Ivuna na asingeonekana wiki nzima. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile au basi tena.

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, ule wa Julai unaolowesha mpaka kope. Mabati yalishafungwa, godoro langu juu yake, bibi ameshakaa mbele na kapu lake mapajani. Jirani akajaribu taa, na taa zikamgomea. Ukikanyaga breki, taa ya breki ya kulia ilitoa wekundu hafifu, na indiketa ya upande huo nayo ikawaka kidogo, kama inayomsaidia mwenzake. Ukiwasha indiketa, taa ndogo zikapepesa. Katika ukungu ule hakuna mwenye akili angeingia barabara ya Vwawa bila taa za nyuma, malori yakimfuata.

Jirani alikuwa na jibu tayari. Balbu. Tunduma kitu kikiharibika kosa ni la bidhaa za ng'ambo, na nadhani upande wa pili nao wanasema ni za kwetu. Alikuwa amezinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akazilaani, akanunua nyingine hapa, akazilaani pia, na sasa akavaa koti na kuvuka tena kutafuta za tatu. Baba alimwacha aende. Alichukua taa yake ya kupimia, kibalbu chenye waya mbili, akaanza kufuatilia umeme toka kwenye fyuzi mpaka nyuma. Kote kibalbu kiliwaka.

"Umeme unafika," akasema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia. "Tatizo haurudi."

Alihitaji mtu wa kukanyaga breki. Mama alikuwa sokoni. Akaenda dirishani na kumwomba bibi asogee kwenye kiti cha dereva. Bibi alimtazama kwanza, halafu akavua kandambili zake, kama anayeingia kwenye nyumba ya watu, akasogea, na akaiweka miguu yote miwili juu ya pedali.

"Nikikanyaga halitaondoka?"

"Haliondoki, mama. Limezimwa."

Nikashika nafasi yangu nyuma. Baba akaingia chini ya bodi na waya mrefu aliouunga kwenye betri, upande wa ethi, ule unaorudisha umeme. Kila alipoita "Mama!" tuliitika wote wawili, bibi mbele na mimi nyuma, na mara ya tatu bibi akacheka mwenyewe humo ndani, kicheko chake cha kukoroma. Alianza kuifurahia ile kazi. Alikanyaga kabla hajaambiwa.

Halafu baba akaugusisha ule waya mahali balbu inapokaa.

Taa ya breki ikalipuka nyekundu ndani ya ukungu, ikapaka rangi mikono yangu. Indiketa iliyokuwa inajiwakia ikazima hapo hapo. Nilijua maana yake, nilikuwa nimetazama taa za kutosha. Tatizo limeonekana, na limeonekana asubuhi mapema, na nusu saa baadaye tungekuwa njiani.

"Vipi huko?" baba akauliza.

Baba alikuwa amelala ubavu chini ya gari, uso umeelekea gurudumu, hana njia ya kuona. Bibi alikuwa mbele na miguu yake kwenye pedali. Duniani pote nilikuwa mimi peke yangu niliyeijua ile taa. Neno moja tu, "bado", na baba angeuondoa ule waya na kwenda kutafuta kwingine, kwenye swichi ya breki, kwenye waya wa juu, mchana ungepita, jirani angeghairi, Jumatatu ingepita. Neno lilishafika mdomoni. Nakumbuka mpaka ubaridi wake.

"Mama, vipi huko?"

Safari hii bibi hakuitika. Nadhani alijua anaulizwa nani.

"Imewaka," nikasema. "Imewaka kabisa. Na indiketa imezima."

Baba alikaa chini ya gari lile muda mrefu. Hakuna kilichokuwa kinamweka huko, waya alishaufungua, nilimwona ameuweka pembeni. Alipotoka alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, bila kunitazama. Kisha akanishika kichwani, na kiganja chake kilikuwa kizito. Alikuwa anajua vizuri nilichokuwa nimekisema.

Kosa lilikuwa chumvi. Magunia ya Ivuna yalikuwa yakipakiwa bado yana unyevu, maji yake yanachuruzika kwenye pembe ya bodi, na pale pale ndipo ulipofungwa waya wa ethi. Bolti ilikuwa imevimba unga mweupe na kijani. Baba aliikuna kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya, akapaka grisi juu. Jirani aliporudi na balbu zake mpya aliziweka mfukoni na kusema zitamfaa siku nyingine. Tukaondoka. Nilipanda katikati ya jirani na bibi, nikatazama mbele, maana nilijua nikigeuka nyuma nitashuka.

Ihanda ilinilea vizuri, siwezi kusema uongo. Bibi alikuwa mkali wa maji na kuni na mpole wa mengine yote. Nilijifunza kutenga kahawa mbivu kwa kidole gumba, na hata sasa harufu ya maganda yake yakichacha baada ya kumenywa hunifanya nisimame. Jioni jikoni, chini ya mabati yale mapya, bibi alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyoendesha gari Tunduma. Hakusema kukanyaga breki, alisema kuendesha, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake.

Wote hao hawapo tena. Bibi tulimzika kando ya kahawa zake, na baba alimfuata miaka michache nyuma yake. Pale kibanda kilipokuwa pameota fremu za maduka, na mtoto wa leo hawezi kukuambia foleni ilipita wapi. Watu huniuliza nakumbuka nini zaidi, na hutegemea niseme Tunduma ya zamani. Mimi namkumbuka baba likizo ya kwanza niliporudi.

Nilimkuta peke yake na lori. Alikuwa amekata kijiti cha mkaratusi, akakichonga kwa urefu sawasawa, akakikaza kati ya kiti na pedali ya breki ili kimkanyagie. Halafu alishuka, akazunguka lori lote kwenda kutazama taa, akarudi, akagusa waya, akazunguka tena. Shati lilikuwa limemlowa jasho. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza hatua chache kutoka pale, na wangekuja mbio kwa nusu kitumbua.

"Baba," nikamuuliza, "mbona huwaiti hawa?"

"Niliwaita," akasema. "Ukiwauliza, wanatazama kwanza uso wangu. Ndipo waitazame taa."

Akainamia waya zake. Nami nikaweka begi chini, nikapanda kukitoa kile kijiti ili akae yeye kwenye usukani, nikaenda nyuma ya lori. Kwa siku zote za likizo ile nilimwambia mambo mengi asiyoyapenda kuhusu taa zake, na sijapata tena mtu wa kufurahi namna ile kuambiwa ukweli.