Kiti cha Levina Hakikukombolewa kwa Kuku

Levina Luhende hakuzaliwa kwenye siasa, alizaliwa kwenye tumbaku. Hapa kijijini kwetu, upande wa Goweko, tulimjua kwanza kama mama wa kwaya ya Moravian mwenye sauti ya kusimamisha mbuzi barabarani. Aligombea uenyekiti wa kijiji akashindwa. Akagombea tena, akashinda, na huo ukawa mwisho wa ulegevu wetu. Mwenye bani la kukaushia tumbaku alipanda miti kwanza, ndipo akakata kuni. Aliyebisha alifuatwa hukohuko shambani, na wa kwanza kufuatwa alikuwa kaka yake Levina mwenyewe. Leo tuna msitu nyuma ya shule. Nani mwingine angeweza? Nilimpenda, na nilimwogopa pia.

Ila sifa hazishibishi. Ulipokaribia uchaguzi wa safari hii, Kasimiri, mkulima kijana, akasema naye atagombea. Wapambe wa Levina wakamwendea nyumbani wakamtaka amwachie mama apite bila kupingwa. Kasimiri akanywea. Levina alijua, akanyamaza. Nilipomuuliza akanijibu, "Wananipenda, dada. Kura za nini?"

Ukaja mkutano wa mwisho kabla majina ya wagombea hayajafungwa. Levina aliposimama kuhutubia, kiti chake kikabaki wazi, kile cha mninga chenye mguu mmoja unaocheza. Hapo akatokea Maua, muuza vitenge wa Mtendeni, kule mjini. Maua ni Mzaramo, nasi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Akatua furushi lake, akakikalia kile kiti.

"Nyie Wanyamwezi mmeishiwa watu?" akauliza. "Basi mwaka huu nawatawala mimi."

Watu wakaangua kicheko. Mtani hafukuzwi wala hakasirikiwi; akikalia kiti chako, unakikomboa. Levina akaagiza aletwe jogoo.

"Kuku nimeshiba," Maua akasema. "Nipe mshindani ndipo niondoke. Hata mimi na magoti yangu haya mabovu, nikikimbia peke yangu nashika namba moja."

Kicheko kikakatika. Nikamwonea Levina aibu. Kumkasirikia mtani mbele ya kijiji kizima ni kujivua nguo, na hilo alilijua. Akaangaza macho kwenye umati mpaka akampata Kasimiri.

"Njoo mbele, wewe. Nani kakwambia naogopa kura?"

"Shikamoo, mama. Walikuja nyumbani wakaniambia..."

"Marahaba. Walikuja, na mimi nilijua. Nilikosea. Kagombee."

Maua akainuka, akamchukua na jogoo vilevile.

Levina alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kura, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Siku ya siku Kasimiri akamshinda kwa kura chache mno. Wapambe wakaanza kelele, na Levina akawanyamazisha kwa sauti ileile ya kwaya. Kisha akakibeba kiti mwenyewe, akampelekea Kasimiri mbele yetu sote. Macho yake yalikuwa mekundu wala hakuyaficha.

"Mguu huu unacheza," akamwambia. "Ukaze vizuri, mwanangu. Nikirudi sitaki nikikute kimevunjika."