Ua Lililokwisha Kuuzwa

Mama aliuza miche ya maua kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, kwa miaka mingi kuliko niliyowahi kukaa mimi katika nyumba yoyote. Alianza alipoacha kazi ya kufua nguo katika nyumba moja huko Kitisuru. Siku aliyoacha, mwenye nyumba alimruhusu akate bustanini kijiti cha ua alilolipenda, naye akaja nacho hadi Jamhuri, tulikokuwa tumepanga, kimefungwa kwa gazeti lililolowa ndani ya mkoba wake. Nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka alivyonifokea kwa kuukalia ule mkoba.

Wauza miche huliita jana-leo-kesho. Huchanua likiwa zambarau, siku ya pili hufifia, ya tatu huwa jeupe, kwa hiyo kichaka kimoja huwa na rangi tatu. Jua likizama, harufu yake huwa nzito. Nimepita mbele ya bustani nyingi za watu, na bado sijapenda ua jingine hivyo.

Miche iliyotokana na kijiti kile mama aliiuza, isipokuwa mmoja. Huo aliupanda katika debe la rangi, akauweka nyuma kabisa, karibu na ukuta wa mabati. Mteja akiuulizia, alijibu, "Huo umeuzwa." Alikuwa ameniwekea mimi, hadi nitakapopata nyumba yenye udongo mlangoni.

Nami nilihama tu. Nakuru, Kitale, Malindi, halafu Nakuru tena. Niliendesha lori, nikapiga vigae, nikahesabu magunia ghalani. Mama hakuniuliza habari za mke wala mshahara. Simu zake zilikuwa na swali moja.

"Umepata mahali?"

"Bado, Mum."

"Basi wako unakungoja. Wiki hii umechanua hadi watu wanasimama."

Mara moja, nikiwa nimechoka, nilimwambia auuze tu, kwani ni ua. Hapo hapo akasema salio lake linaisha.

Alifariki nikiwa Malindi. Nilifika mazishini, nikakaa siku nne, nikaondoka bila kupita Dagoretti Corner. Niliogopa kuona pale alipokuwa akikaa pakiwa patupu.

Mwaka huu nimerudi Nairobi. Nimepanga chumba ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda. Hapakuwa patupu. Mwanamke mwenye aproni ya kijani alikuwa akijaza mbolea kwenye vikopo, na nyuma yake, kando ya mabati, ule mche ulikuwa umenipita kimo. Ulikuwa umechanua rangi zote tatu.

"Ule wa nyuma ni pesa ngapi?" nikauliza.

"Huo uliuzwa kitambo, kastoma. Chukua hii maua ya jerani, iko poa."

"Uliuzwa na bado uko hapa?"

"Mimi niliupata ukiwa umeuzwa. Mama mwenye hii nafasi aliniachia hapa, akaniambia nisiuguse, mwenyewe ni mtoto wake, atakuja akipata nyumba." Akacheka. "Huyo mtoto lazima anajenga ikulu."

Nilicheka pia. Sikujua la kufanya na uso wangu.

"Na asipokuja?"

"Si mche utakaa tu? Mimi naumwagia maji tu. Yule mama alikuwa mtu mzuri, siwezi kumvunjia neno." Akanitazama. "Kwani unamjua huyo kijana?"

Ningeweza kusema ni mimi. Lakini angeniuliza naupeleka wapi, na nilikuwa na jibu lile lile la miaka yote. Nilifikiria chumba changu, lile dirisha, na ngazi ambazo nisingeweza hata kuupandishia.

"Namjua kidogo," nikasema.

Nilinunua jerani nyekundu kwa sababu sikuweza kuondoka mikono mitupu. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye lami aliponiita.

"Boss! Ukimwona, mwambie debe limeoza chini. Mizizi imeshaingia ardhini. Akichelewa zaidi, hataung'oa."

Nilirudi hatua mbili, nikautazama tena. Niliona pale debe lilipopasuka, kutu, na mzizi mnene kama kidole ukizama katika udongo wa barabara, udongo ambao si wa mama, wala wangu, wala wa yule mwanamke.

"Nitamwambia," nikasema.