Chumba Kimoja, Jeddah

Mke wangu alitangulia Saudia miaka miwili kabla yangu. Yeye yuko Jeddah, anamtunza mama mmoja mjane. Mimi nilipokuja nilipata kazi ya kuendesha lori la bohari moja ya friji kule Al-Sulay, Riyadh. Nyumbani Webuye watu walidhani tunakaa pamoja.

"Si mko nchi moja?" mama mkwe aliniuliza kwenye simu.

Nikamweleza kwamba kati yetu kuna jangwa la kutwa nzima kwa basi, kwamba binti yake halali nje ya nyumba anamofanya kazi, na kwamba mimi nalala chumba kimoja na wanaume wengine watano. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Mwaka wa pili wa mkataba wangu bosi alinipa siku nne za Idi. Mke wangu akamwomba madam wake ruhusa, akapewa siku mbili. Hatukuwa na ndugu Jeddah wa kutukaribisha. Ilibidi itafutwe hoteli, na kazi hiyo niliachiwa mimi.

Sikuwa nimewahi kuchagua hoteli maishani. Nikiwa dereva Kenya nililala lojing za Malaba nikisubiri forodha, na huko huchagui, unaingia penye nafasi. Sasa simu ilinionyesha mamia, na kila moja ina kitanda cheupe na sahani ya matunda. Wenzangu chumbani wakageuka washauri. Mmoja alisema nitafute yenye kifungua kinywa. Mwingine, Mganda aliyelala kitanda cha juu yangu, alisema sifa zote huandikwa na wenye hoteli, kwa hiyo nisome malalamiko peke yake. Nikasoma malalamiko wiki nzima: kunguni, lifti mbovu, jirani anayekohoa. Kila hoteli niliyoipenda jioni niliiogopa asubuhi.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Dirisha."

"Zote zina madirisha, mama."

"Linalofunguka. Chumba changu hapa ni cha ndani, nyuma ya jiko. Miaka minne nalala na hewa ya mashine. Mengine chagua wewe."

Basi nikawa napiga simu kuulizia madirisha. Wahudumu walinishangaa. "Kuna AC, sadiki," waliniambia, yaani rafiki. Mmoja aliniuliza kama nataka kuruka. Lakini alikuwa mtu mwema, na ndiye aliyenifungua macho.

"Wewe ni mtalii au una ikama?"

"Nina ikama," nikamjibu, yaani kibali cha ukaazi.

"Na mkeo?"

"Naye pia."

"Basi mje na cheti cha ndoa, kwa Kiarabu. Mtalii haulizwi. Nyinyi wakazi mtaulizwa."

Cheti chetu ni cha kanisa, cha Kiingereza, na kilikuwa kwenye sanduku la mama mkwe. Akakipiga picha, kidole gumba chake kikaziba jina langu. Akapiga tena. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mfasiri mwenye ofisi ndogo mtaa wa Al-Shumaisi, Riyadh. Aliisoma yote polepole, akagonga muhuri, akanipa mkono na kunipongeza kana kwamba tumefunga ndoa siku hiyo. Nikampigia tena yule mhudumu mwema, lakini hoteli yake ilikuwa imejaa. Nikapata nyingine iliyosema dirisha linafunguka na cheti si tatizo. Halas, basi, nikaichagua.

Nilifika Jeddah asubuhi. Nikanawa kwenye stesheni ya basi, nikavaa shati jipya, nikaenda kusimama mbele ya hoteli saa mbili nzima kabla ya wakati wetu. Kisha gari dogo jeupe likaja polepole sana, likapanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja na kusimama. Aliyekuwa kwenye usukani ni madam mwenyewe, mama wa miaka sitini na kitu aliyejifunza kuendesha uzeeni. Mke wangu akashuka na mkoba. Alikuwa amepungua, na alikuwa amevaa viatu ambavyo sikuvijua. Tulisalimiana kwa mkono, hapo barabarani, kama watu wa ofisi moja.

"Umenenepa," akasema.

"Ni mchele."

Tukaingia. Kijana wa mapokezi akachukua ikama zetu, akachukua karatasi ya mzee wa Al-Shumaisi, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ni tafsiri tu. Asili iko wapi?"

"Kenya."

"Mafi asili, mafi chumba." Yaani bila cheti chenyewe hakuna chumba. Kisha akatuonea huruma kidogo. "Naweza kuwapa vyumba viwili. Yeye ghorofa ya tatu, wewe ya tano."

Nilimwambia nilipiga simu. Akasema aliyepokea hayuko. Wiki tatu za kuchagua, usiku kucha kwenye basi, ndipo niambiwe nilale ghorofa mbili juu ya mke wangu! Yeye alichukua ikama yake mezani, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu, na jinsi alivyoifunga taratibu ndivyo nilivyojua amekaribia kulia.

Madam hakuwa ameondoka. Alikuwa ameapa haondoki mpaka aone mahali msichana wake atakapolala. Alipoona tunachelewa akaingia, akauliza, na mke wangu akamweleza kwa Kiarabu chepesi ambacho mimi, mwenye Kiarabu cha bohari, nilikifuata nusu.

"Vyumba viwili?" madam akamgeukia kijana. "Mtu na mkewe?"

"Ni sheria ya hoteli, hajja."

Hakubishana naye. Alinusa hewa, akasema zulia lao linanuka unyevu, akatuambia, "Yalla, garini."

Alituendesha hadi mtaa wa Ghulail. Alisimama mbele ya jengo la ghorofa tatu lenye vyumba vya kupanga kwa siku, ambamo ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa ukilaza wageni wa harusi. Jengo hilo halikuwa kwenye orodha yoyote niliyoisoma. Mwenye kulisimamia, mzee wa Kiyemeni, aliisoma karatasi yetu mpaka mwisho, kisha akamuuliza madam, "Unawajua?"

"Binti huyu amekaa kwangu miaka minne. Na huyu mwanamume namwona kila siku kwenye simu yake. Nimeshachoka kumwona."

Mzee akacheka. Akaandika namba za ikama zetu kwenye daftari, akatupa ufunguo. Ufunguo mmoja.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye jiko la oveni, hapana, nasema uongo: kilikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili na sufuria iliyobonyea. Dirisha lilikuwa limekwama. Nililisukuma kwa bega mara tatu, likaachia. Harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia, na kelele za cherehani za fundi wa ng'ambo ya kichochoro. Mke wangu akaegemea pale, kichwa nje, akakaa muda mrefu. Mimi nikakaa kitandani, nikavua viatu. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyeshusha shehena.

Nilikuwa nimepanga twende kuona bahari. Hatukwenda. Alipika ugali na sukuma aliyoipata duka la chini, tukala tukizungumza juu ya watoto wetu kule nyumbani, kisha akalala mchana kutwa, na kesho yake akalala tena. Simu yake ililia mara moja tu. Alishtuka, akakaa wima kabla hajafumbua macho.

"Bizari iko wapi?" madam aliuliza.

"Rafu ya pili, madam, nyuma ya chumvi."

"Lala," akasema, akakata.

Alasiri ya siku ya pili madam alikuja kumchukua. Nilibeba mkoba hadi garini. Madam akanitazama dirishani, akaniuliza kwa Kiarabu rahisi ili nielewe, "Amelala?"

"Sana."

"Vizuri. Idi ijayo msihangaike na simu. Nitamwambia mzee mimi mwenyewe."

Mke wangu akafunga mkanda. Gari likashuka ukingo wa barabara, likakata kona taratibu, naye akanipungia mkono mpaka walipopotea.