Mawe Mawili ya Wampembe

Mwantum mwenye duka la chumvi mjini Sumbawanga aliwafunda mabiharusi kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyeungua kwa mafunzo yake. Aliyeungua alikuwa mumewe.

Yeye mwenyewe alifundwa na Bi Mwanamvua, kungwi aliyeogopwa na wanaume kwa ulimi na kupendwa na wanawake kwa sababu hiyohiyo. Mwantum alikuwa na miaka ishirini na miwili. Bi Mwanamvua alimwambia wazi kwamba katika nchi ya baridi kama Ufipa, joto na ubaridi ni raha ya mume na mke, wakiridhiana na wakijua kuvitumia.

"Lakini moto haujui mapenzi, mwanangu. Jaribu kwanza kwenye mkono wako, hapa ndani ya kifundo. Ukishindwa wewe, usimwekee. Usikiache kitu kikae mahali pamoja, kipitishe. Maji ya baridi yawe karibu. Na umuulize kila mara. Akisema tosha, ni tosha, hata kama amesema huku anacheka."

Halfani, mumewe, alikuwa akishuka Wampembe, ziwani, kununua samaki wakavu na kuwapandisha mjini. Safari moja alirudi na mawe mawili bapa, yaliyolainishwa na ziwa, kila moja likijaa kiganja. Mwanamume mwingine angeleta kanga. Moja waliliweka ndani ya mtungi, la pili walilipasha kwenye maji ya moto, kamwe si kwenye makaa, maana jiwe la ziwani likitiwa motoni hupasuka.

Ijumaa, baada ya sala, duka lilifungwa. Majirani walidhani wanapumzika. Mwezi wa Juni, upepo ukipuliza kutoka Mollo, Halfani alilala kifudifudi na Mwantum akayapitisha mawe mgongoni kwake, la moto kisha la baridi. "Bado," alisema Halfani, au "Tosha." Wiki nyingine zamu ilikuwa ya Mwantum kulala. Waliishi hivyo miaka saba, na katika miaka hiyo Mwantum hakumwonea wivu mwanamke yeyote wa mji ule.

Mwaka wa tano baada ya vita vya Hitla, Ijumaa moja ya baridi kali, Mwantum aligusisha jiwe kwenye kifundo chake akaliondoa upesi.

"Kali hili, bwana. Ngoja lipoe."

"Lete tu, mke wangu. Baridi imeniingia mifupani."

Hapo ndipo Mwantum alipokosea, na hakujisamehe hadi anazeeka. Alikuwa na vipimo viwili, mkono wake na ulimi wa mumewe, akaufuata ulimi akauacha mkono. Aliliweka chini ya bega la kushoto.

"Vipi?"

"Bado."

Akauliza tena. "Bado," alisema Halfani, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Mwantum alipoliinua jiwe aliona ngozi imebabuka.

"Mbona umeondoa?" aliuliza Halfani.

Mwantum alimmiminia maji ya mtungi pale palipoungua, kata baada ya kata, mpaka kanga zake zikalowa. Jirani alileta samli, akaikataa. Ndipo akaangalia vizuri. Lengelenge lilikuwa katikati ya baka jeupe alilolizoea mwaka mzima, akidhani ni mba.

Kwenye zahanati, dresa Leonardi, Mfipa mpole asiyependa maneno mengi, alichukua chupa mbili ndogo. Moja aliijaza maji ya moto, nyingine ya baridi.

"Fumba macho, mzee. Ninapokugusa, niambie, moto au baridi?"

Mwantum alisimama mlangoni. Aliujua mchezo huu kuliko dresa. Chupa ya moto iligusa baka.

"Baridi," alisema Halfani.

Ikagusa mkono wa kushoto. Alikawia. "Umenigusa?" aliuliza.

Leonardi aliziweka chupa mezani akatamka jina la ugonjwa kwa sauti ya chini. Ukoma. Halfani hakushtuka. Alimgeukia mkewe.

"Tangu mfungo wa mwaka jana sisikii, Mwantum. Nilikuwa nakuibia, nautazama uso wako kwa pembe ya jicho. Ukikunja uso, nasema tosha. Siku ile usingizi ulinizidi macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha."

Mwantum alikasirika sana, kisha akalia, kwa sababu ni kweli, angeacha.

Halfani alipelekwa kwenye makazi ya wakoma, mwendo wa siku mbili, na mawe akamwachia mkewe. Wakati huo dawa mpya ilikuwa imeanza kutolewa, lakini kifua kilimwondoa kabla dawa haijamfaa. Mwantum alimwona mara moja tu tena kabla ya kifo hicho, kiangazi kilichofuata. Waliruhusiwa kukaa benchi moja, uani, mpaka kengele ilie.

Mwantum alikuwa amekuja na mawe yote mawili, moja ndani ya kibuyu cha maji, jingine limefungwa kangani, tumboni kwake, tangu alfajiri. Halfani alipoona anataka kuyatoa alifumba macho mwenyewe, akaziziba kope kwa viganja ili mke ajue kwamba safari hii hataiba. Leonardi alikuwa amesema paji la uso bado lina uhai. Mwantum aligusisha jiwe kwenye kifundo chake kwanza, kisha akaliweka pale.

Halfani aliinamisha kichwa kidogo, paji likalielemea jiwe.

"Moto," alisema.

Lilikuwa la moto, joto la mwili tu. Mwantum alimuuliza kama linatosha.

"Bado," alisema Halfani.

Alimuuliza tena, na tena, na kila mara alijibu bado, mpaka kengele ikalia.