Siku Mume Wangu Alipomrudisha Kambale

Mume wangu kakulia Itigi, mji wa reli usio na ziwa, na kwa hilo baba yangu hakumwacha apumue. "Huyu samaki anamjulia kwenye kikaango," alikuwa akiwaambia ndugu, mwenyewe akiwa hapo hapo. Mume wangu anacheka tu. Mkwe hajibizwi.

Kwa hiyo kila tulipokuja likizo kwetu Iramba, aliandamana na baba hadi Ziwa Kitangiri kuvua kwa ndoano, akitafuta samaki mmoja tu wa kumnyamazisha mzee. Miaka ikapita akiambulia viperege tu, visamaki vya kukaanga.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nilikuwa nao pale kwenye matete mshipi wa mume wangu ulipovutwa kwa nguvu. Walihangaika wote wawili hadi jasho likawatoka. Kambale alipotokeza, kichwa kipana kama sinia, baba akasahau utani wote. Samaki hata hajafika nchi kavu, yeye tayari kampigia mama simu: bandika sufuria kubwa, waite ndugu.

Mume wangu akampapasa samaki tumbo. "Ana mayai, baba."

"Si ndiyo utamu wenyewe!"

"Anataka kupanda mtoni akatage. Mkubwa hivi ndiye anayetujazia ziwa. Naomba unisamehe, baba."

Akamtoa ndoano taratibu, akamshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachia. Samaki wa maisha yake huyo! Nilitaka kulia, na papo hapo nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Baba alitangulia nyumbani kwa hatua ndefu. Hasira zake nazijua. Niliona sasa utani utageuka dharau.

Ndugu walikuwa wamejaa uani, sufuria inachemka maji matupu. Baba akaeleza yaliyotokea. Wakaangua kicheko.

"Sema tu kamponyoka, mzee! Mkwe wako na samaki wapi na wapi?"

Baba akawaka. "Mnaniita mwongo? Nimemwona kwa macho yangu! Nani kati yenu angemwachia? Mimi mwenyewe nisingeweza."

Kicheko kikakatika. Mama akaleta ugali na mlenda. Nyumbani kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa, na mume wangu alishanyoosha mkono achukue birika. Baba akamwahi, akalishika mwenyewe.

"Lete mikono, mwanangu," akasema.

Mume wangu akaileta, bado inanuka kambale.